Alikuwa na Siku Zake

6 Januari

Shangazi yangu, shikamoo.

Goti linaendeleaje? Mchumba wangu anakusalimia sana. Miwani yako amemaliza kuitengeneza, ameiwekea mikono mipya, anasema safari hii usiilalie. Mimi ni mzima, ila usiniamini sana.

Leo nimemfukuza mteja. Yule mwalimu, Shangazi, ninayemsuka kila mwezi. Alikaa kwenye kiti changu akaanza kusimulia habari za shemeji yake kama kawaida, na mimi ndiye niliyemzoesha, si unajua hapa saluni wananiita Redio? Leo sauti yake ilikuwa inanikwaruza kichwani. Nikavumilia mistari mitatu. Wa nne nikamwambia, "Mwalimu, nywele zako hazina shida, shida ni huo mdomo." Jamani! Akaondoka na nusu kichwa kimesukwa na nusu kiko wima.

Nikaenda stoo nikakaa katikati ya maboksi ya shampuu nikalia. Unajua nalia nini? Birika. Birika lilikuwa linachemka kwa kelele. Madam mwenye saluni akaja mlangoni akaniuliza, "Redio, leo betri zimeisha?" Wenzangu wakacheka. Niliona kila mmoja ananichukia, na mimi nikawachukia wote sawasawa, bila upendeleo.

Hii si mara ya kwanza, unajua, nimekuandikia mara nyingi. Wiki mbili zilizopita nilikuwa napiga soga hata na muuza mkaa. Leo siwezi kumvumilia mtu anayepumua karibu yangu.

Shangazi, nakuuliza swali nililokuuliza nikiwa na miaka kumi, ukanipa biskuti badala ya jibu. Mama alianza hivi? Nyumbani kila mtu alisema, "Mama yako alikuwa na siku zake," kisha anashusha sauti. Hizo siku zake zilikuwaje? Kichaa kilimwanza vipi hadi kikamuua? Harusi ni mwezi wa sita. Sitaki kumpelekea mtoto wa watu kichaa ndani ya nyumba.

Mwanao, aliyechoka na watu


15 Januari

Mwanangu,

Marahaba. Goti ni lilelile, linanitabiria mvua kuliko watu wa hali ya hewa. Ahsante kwa kuandika tarehe juu ya barua. Barua yako moja ya mwaka jana haikuwa na tarehe, na mtu aliyelelewa na karani wa posta hafanyi hivyo.

Kuhusu mwalimu: kamwombe radhi. Mdomo ni wake, lakini kichwa alikukabidhi wewe. Kunywa chai, lala mapema, na hayo maboksi ya shampuu si mahali pa mwanamke aliyechumbiwa kukaa.

Habari za marehemu mama yako ziache zipumzike. Alikuwa na siku zake, alikwenda, na mimi nikakulea tangu ukiwa na miaka minne. Kuna ulichokosa?

Miwani asiilete kwa mkono, aitume. Nataka kuona kama posta bado wanajua kufunga kifurushi.

Shangazi yako


19 Januari

Shangazi mpenzi, shikamoo, shikamoo tena!

Ile barua yangu ichome. Naona haya hadi kwenye nyayo. Mwalimu nimemwendea nyumbani kwake, nikamsuka ile nusu iliyobaki na nikasikiliza habari za shemeji hadi mwisho, na kumbe ni tamu! Jumapili nimewaalika wenzangu wote chai. Chumba changu kina viti viwili, watakaa kitandani. Mchumba wangu ananiangalia tu, anasema siku kama hizi akinipeleka sokoni tunarudi na marafiki badala ya nyanya.

Yaani dunia ni nzuri, Shangazi. Sijui juzi ilikuwa nini.

Redio, imewashwa


3 Februari

Shangazi, shikamoo.

Nimevunja uchumba. Pete nimemrudishia ndani ya kikebe cha miwani, palepale dukani kwake, mbele ya bibi mmoja aliyekuwa anasoma herufi ukutani. Bibi akaacha kusoma.

Hakunikosea lolote. Alikuwa anafuta kioo cha miwani kwa kitambaa, anakizungusha, anakizungusha, nikasema nikiolewa nitamtazama huyu anazungusha kitambaa miaka arobaini. Nikaona giza. Nimejifungia chumbani. Wenzangu wamegonga, sikufungua. Sitaki uso wa mtu.

Usinitumie habari za chai. Niambie mama alifanya nini. Nataka kujua kinachokuja.


11 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mchumba wako ameniandikia. Karatasi moja, mwandiko mdogo kama dawa ya macho. Anasema pete ipo kwenye droo ya dukani na hataiondoa hadi uwe umeikataa siku mbili tofauti, moja ya mvua na moja ya jua. Huyo kijana ana akili kuliko nilivyodhani.

Umeniuliza tena juu ya mama yako. Nimesoma. Miwani imefika salama.

Shangazi yako


3 Machi

Sina salamu leo. Madam amenipa onyo la pili. Mchumba wangu jana alinifuata, nikamwambia aende, akaenda, kisha nikalia kwa nini ameenda. Shangazi, naogopa. Nikikaa kimya naogopa, nikisema naogopa nilichosema. Kama kuna dawa aliyokunywa mama, nitajie jina lake.


12 Machi

Mwanangu mpenzi,

Kaa chini ndipo usome. Mimi mwenyewe nimekaa chini tangu jana.

Nilitoa kasha la barua zako nizipange. Unanijua, miaka thelathini na moja nimepanga barua za watu, mkono hautulii. Nikazigawa mafungu mawili, za kheri na za shari. Za shari nikazitandaza mezani kwa tarehe: 16 Septemba, 14 Oktoba, Novemba hukuandika, 10 Desemba, 6 Januari, 3 Februari, 3 Machi.

Nikahesabu kwa vidole. Nikahesabu kwa kalenda. Siku ishirini na nane. Tena ishirini na nane. Ile ya Desemba imechelewa siku moja, lakini inayofuata ikaifidia. Nikachukua za kheri, zile za viti viwili na wageni kumi. Zote ziko katikati, Redio, zote, hakuna hata moja iliyopotea njia!

Mwanangu, hicho ni kichaa gani kinachofika kwa wakati kuliko gari la posta?

Nitakuuliza jambo ambalo sijakuuliza tangu ulipovunja ungo. Ukishaniandikia barua hizi za shari, damu yako huja baada ya siku ngapi? Nenda ukamwone muuguzi, mpelekee tarehe hizi. Usimpelekee machozi, mpelekee tarehe.

Shangazi yako


20 Machi

Shangazi, shikamoo! Mama yangu weee!

Siku ya pili! Au ya tatu! Kila mara! Nilisoma barua yako nikiwa nimeshika kitana, nikakiangusha ndani ya beseni la rangi. Miaka yote hii najiona nachanganyikiwa, na mwezi mzima unanipungia mkono.

Muuguzi wa zahanati ni mwanamke mfupi asiyecheka. Alizisoma tarehe, akaniuliza maswali ambayo siwezi kukuandikia, akasema, "Huna kichaa, wewe." Anasema homoni hupanda na kushuka kila mwezi, wanawake wengi hawasikii kitu au wanasikia kidogo, ila wachache zikishuka zinashuka nao, kama mimi. Uchangamfu wenyewe, hamu ya watu, yote inaweza kufuata njia hiyo. Niandike miezi miwili, kila siku mstari mmoja, kisha tutazungumza dawa, kwa sababu dawa zipo. Nikamuuliza, "Zipo?" Akanijibu, "Ulidhani nakaa hapa kupunga nzi?"

Mchumba wangu nilimweleza nikiwa nimesimama kwenye kaunta yake. Alifungua droo, akatoa kikebe, na miwani yake mwenyewe ikamdondoka kwa kucheka. Nimeivaa tena pete. Siku ya jua ilikuwa.

Lakini usiku sikulala, Shangazi, na si kwa furaha. "Mama yako alikuwa na siku zake." Siku zake! Mlikuwa mnalisema kwa midomo yenu wenyewe! Miaka yote nasikia neno hilo nadhani ni adabu ya kusema kichaa, kumbe ndilo jina la kitu chenyewe. Je, mama naye alikuwa na tarehe? Mtu hafi kwa siku zake. Alikufa kwa nini?

Mwanao


14 Aprili

Shangazi, shikamoo.

Wiki tatu na hujajibu. Wewe! Uliyenifokea kwa kukosa tarehe! Goti halishiki kalamu. Nimekuuliza mama alikufa kwa nini. Kama ni jambo baya, nimeshakua. Kama umenikasirikia, niambie nimekukosea wapi.

Ninaandika ile mistari ya muuguzi kila jioni. Safari hii shari ilikuja tarehe 31 Machi, nikawaambia wenzangu mapema. Madam akanipa kazi ya kuosha taulo nyuma, peke yangu, siku nne, na hakuna aliyefukuzwa.

Nasubiri.


2 Mei

Mwanangu,

Barua hii nimeiandika mara sita. Salamu zake zimenishinda, nitaingia moja kwa moja.

Mama yako hakufa.

Yuko hai. Anashona mapazia katika mji ulio mwendo wa saa tatu kwa basi kutoka hapo ulipo. Anwani yake iko nyuma ya karatasi hii. Nimekuwa nayo muda wote.

Nakueleza yalivyokuwa. Mwaka wa mwisho wa ndoa yao mimi nilikuwa natumikia posta ya mji mwingine, na mama yako alikuwa akiniandikia, wifi kwa wifi. Barua zake nyingi zilikuwa za kutisha: hataki watu, anasikia kelele za sahani, amemrushia kaka yangu mkasi. Zilifika barua kumi na mbili. Ya kumi na mbili ilisema hivi, naikumbuka bila kuifungua: "Wifi, naondoka na mtoto. Kaka yako amenivunja mkono, na nimewaambia watu nimeteleza. Naandika kwa mkono wa kushoto. Nisaidie."

Mimi nikasema, hizi ndizo siku zake. Nikaichukua barua ile nikaenda nayo nyumbani, nikawasomea kaka yangu na wazee. Wakampeleka hospitali ya vichaa. Alikaa wiki saba, daktari akamtoa, akasema hana ugonjwa. Kwetu hakurudishwa, alikwenda kwa wazazi wake. Wewe ulishakuwa kwangu. Baba yako akasema mtoto aambiwe amekufa, na mimi nikakuambia. Ulikuwa umekaa kwenye beseni la kuogea, ukaniuliza kama atarudi kesho.

Baada ya kukupangia tarehe zako nilitoa na zake. Ndiyo maana nilinyamaza. Nilizitandaza meza ileile. Kumi na moja zimekaa kwenye mstari kama zako, mwanangu, ishirini na saba, ishirini na nane, ishirini na saba. Ya kumi na mbili haikukaa. Iliandikwa siku kumi na mbili baada ya ile ya kumi na moja, katikati ya siku zake nzuri kabisa. Siku hiyo alikuwa mzima kuliko mimi. Alikuwa ananieleza jambo lililotokea, na mimi nilikuwa na barua kumi na moja za kunisaidia kutomwamini.

Kuna kingine. Alikuandikia wewe. Barua tisa, kupitia dirisha langu la posta. Nilizigonga muhuri wa "Hajulikani" nikazirudisha. Karani wa posta, mwanangu, mimi, na ulikuwa chumba cha pili unachora. Ningesema ni amri ya kaka yangu, naye Mungu amrehemu, hawezi kujitetea. Lakini nilikuwa sina mtoto, na nilishakuzoea.

Sasa unajua. Ile ya kumi na mbili nimeifunga humu.

Shangazi yako, ukipenda bado kuniita hivyo


9 Mei

Shikamoo siandiki leo, haitoki.

Nimeisoma ya mkono wa kushoto. Herufi zimeegemea upande mmoja, lakini hakuna hata neno moja lililopotea. Hata nukta kaweka.

Baba aliyekuwa akinibeba mabegani! Na wewe! Nilikulilia mama yangu kifuani kwako, ukanipangusa machozi huku unajua anwani! Miaka ishirini na mitatu, Shangazi. Nilikuwa navunja uchumba kwa kuogopa kichaa kisichokuwepo, nikakuuliza mara tatu, na bado ulinijibu habari za miwani!

Na usikimbilie kalenda. Nakujua, umeshaifungua. Fungua tu, hesabu. Ni siku zangu nzuri hizi. Juzi nilisuka watu saba nikicheka nao wote, kisha nikarudi chumbani nikapiga ukuta ngumi. Hasira hii haina tarehe.

Usinijibu.


8 Juni

Shangazi, shikamoo. Imetoka kwa shida, ipokee hivyohivyo.

Hukujibu, na kwa hilo nashukuru. Nimengoja mwezi mzima. Nilitaka shari yangu ije ipite, nione nini kitabaki. Ilikuja tarehe 26 Mei, nikaosha taulo zangu, ikaondoka siku ya nne. Hasira juu yako ilikuwepo kabla, ikawepo siku zile, na baada ya hapo nikaikuta palepale. Basi ni yangu. Nikapanda basi.

Anakaa chumba cha chini, dirisha linatazama barabara, cherehani mbele ya dirisha. Mlango ulikuwa wazi. Mapazia yamerundikwa hadi kwenye kiti cha wageni, kwa hiyo hapakuwa na pa kukaa, nikasimama. Alidhani mimi ni mteja. Akaniuliza, "Dirisha lako lina upana gani?" Nikasema, "Mimi sina dirisha, mimi ni mwanao."

Hakupiga kelele. Aliniangalia miguu kwanza, kisha akapanda taratibu. Aliinua mkono wa kulia anishike uso, ukafika begani ukagoma, hauendi juu zaidi, akanishika na wa kushoto. Tulilia mpaka fundi viatu wa jirani akaja kuuliza nani amefiwa. Mama akamwambia, "Hakuna aliyefiwa, kuna aliyefufuka."

Zile tisa anazo. Nilizisoma zote pale juu ya cherehani, yeye amenipa mgongo anakunja mapazia yaliyokwisha kunjwa. Ya kwanza anauliza kama nimeota jino la nyuma. Ya mwisho nilikuwa na miaka kumi na tatu, ananieleza kuhusu damu, kwamba itakuja, na kwamba inawezekana siku chache kabla yake nitajiona nawachukia watu wote, nisiogope, nihesabu siku, itapita. Shangazi! Alikwisha kulijua, peke yake, bila muuguzi! Aliniandikia jibu miaka kumi na minne iliyopita, nawe ukaligonga muhuri.

Nikamuuliza moja kwa moja. Nikasema, "Mama, ulikuwa kichaa?"

Alicheka. Ana cheko kubwa, hukuwahi kuniambia. Akasema, "Siku tano za mwezi nilikuwa siwezi kumvumilia mtu yeyote. Zile ishirini na tatu nyingine nilikuwa siwezi kumvumilia baba yako. Wao wakasikia zile tano tu."

Anasema zake zilikwisha miaka miwili iliyopita, na sasa ana hasira za kawaida kama watu wengine, na anazikumbuka zile za zamani kama mtu anavyokumbuka jirani mkorofi aliyehama. Amenipima mabega kwa macho na gauni langu ameanza kulikata. Muuguzi amenianzishia dawa. Mchumba wangu amekwenda kumwona mkwewe, amemtengenezea miwani ya kushonea, na wakakaa saa nzima bila kusema neno, wote wawili wameridhika.

Harusi ni tarehe 29. Nimekuwekea nafasi, kwa sababu ulinisuka nywele kila Jumapili na hilo halifutiki hata nikitaka. Sijakusamehe. Nitakapokusamehe nitakuandikia, na nitaweka tarehe.

Mama atakaa kiti cha mbele. Utaingia, utakwenda pale alipo, na utamwamkia. Najua umemzidi miaka kumi na mitatu, na najua desturi, mkubwa haamkii. Nimemwambia asifungue mdomo hata akiona umesimama mbele yake, na amekubali.

Utaanza wewe.

Mwana wa wifi yako